Pikipiki Isiyozimika

Sehemu ya Nane

"Haizimi, Mzee! Haizimi!"

Hapo ndipo tulipowaacha, msomaji. Simeon Musembi, fundi wa Kisumu Ndogo, kashika usukani. Mzee Abdurahman, mwenye duka la pikipiki la Malindi, kaketi nyuma yake, kanzu kaikusanya yote mapajani. Mteremko wa feri ya Kilifi uko mbele, kisha maji. Waya wa breki ya mbele ulikuwa umekatika sasa hivi kwa mlio mdogo, na ufunguo Simeon alikuwa ameuzungusha mpaka ukachomoka, ukambakia mkononi. Injini haikujali.

"Breki ya nyuma!" Mzee akapiga kelele.

"Naikanyaga!"

"Ikanyage zaidi!"

Simeon akaisimamia kwa miguu yote miwili. Gurudumu likalia, pikipiki ikakaa upande, ikapita pembeni ya lori la saruji, ikampita mama mwenye kuku, ikapanda ulimi wa feri kwa kishindo na kusimama sentimita chache kutoka kwenye mnyororo wa upande wa pili. Kofia ya Mzee Abdurahman iliendelea mbele. Ilielea kidogo, ikazama.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee. Akashuka, akajipangusa vumbi. "Kofia ile ilikuwa ya Idi."

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa samaki, sikiliza haraka haraka. Bintiye Mzee, Saleha, yuko Takaungu kwa shangazi yake. Mzee alikuwa kalazwa na homa, akampa uwakili mdogo wake, Stambuli, amwoze Saleha kwa Mwalimu Famau, kijana ambaye msichana mwenyewe alimridhia. Stambuli akauchukua uwakili ule, akachukua na gari la kaka yake, akaenda navyo vyote viwili Takaungu. Asubuhi hii habari ikafika Malindi: bwana harusi si Famau. Ni Bwana Kiponda, mwenye mashamba ya minazi, ambaye wake zake wawili wa sasa hawajapata kumsifu mbele ya watu. Kiponda kamwahidi Stambuli duka lake mwenyewe. Nikahi ni leo, baada ya sala ya alasiri.

Gari hakuna. Na pikipiki zote za dukani zina gavana, kile kijisanduku cheusi cha kiwandani kinachokaa chini ya kiti. Pikipiki ikitaka kupita sitini, gavana linaukata moto wa plagi mpaka mwendo urudi kwenye adabu. Mzee Abdurahman alikuwa akilisifu gavana kuliko alivyowasifu wanawe. Na alipogundua kwamba Simeon, fundi wake mwenyewe, anawafungia watu kidude cha kulikwepa, alimfukuza kazi mbele ya wateja.

Leo asubuhi alimfuata Kisumu Ndogo na homa yake, akabisha hodi. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Washa."

Sasa wako ndani ya feri.

"Zima moto!" Huyo alikuwa Mramba, mfanyakazi wa feri, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni. "Ndani ya feri hakuna injini inayonguruma ila ya feri. Zima tuondoke!"

"Haizimi," akasema Simeon.

"Zima kwa ufunguo."

Simeon akamwonyesha ufunguo mkononi mwake. Pikipiki ikaendelea kunguruma. Mramba akautazama ufunguo, akaitazama pikipiki, akamtazama Mzee Abdurahman, ambaye alikuwa akiangalia maji.

"Mzee, si wewe mwenye kuziuza hizi?"

"Hii siijui," akasema Mzee.

"Fundi, nieleze," Mzee akaendelea kwa sauti ya chini, akimvuta Simeon shati. "Kwa nini haizimi?"

"Gavana hutumia waya mmoja kukata moto, Mzee. Kidude changu kinautenga ule waya, gavana likitaka kukata, halina pa kukatia. Sasa, ufunguo nao hutumia waya huo huo."

"Ulilijua hilo?"

"Nililijua baada ya kufunga ya kwanza."

"Lahaula! Na ukafunga ya pili?"

"Wateja hawakulalamika. Walikuwa wanataka kwenda, Mzee. Hakuna aliyeniuliza habari ya kusimama."

Mramba hakuwa na muda wa mafunzo. Akasema yeye amekwisha ona pikipiki zaidi ya hizi, dawa yake ni kuvua kofia ya plagi. Simeon akamwambia asiiguse, ina ufa. Mramba akaigusa. Akaruka, akatua juu ya gunia la mkaa la mtu, na filimbi ikalia yenyewe kwa pumzi iliyomtoka. Baada ya hapo hakuna abiria mwingine aliyejitolea.

"Basi nafunga petroli," akasema Simeon. "Ikishakunywa iliyobaki kwenye kabureta, itanyamaza."

"Itachukua muda gani?"

"Itakavyopenda."

Feri nzima ikasimama kuisikiliza pikipiki ikinywa. Dereva wa lori la saruji akazima redio yake ili asikie vizuri. Mama mwenye kuku akasema kwao Kaloleni mwanamume akipiga kelele namna hii humwagiwa maji, na hilo lingekuwa jambo la busara kama si Simeon kumzuia.

Mzee Abdurahman akatoa saa ya mfukoni, akairudisha. Muda upo. Alasiri bado iko mbali. Akajiambia hivyo, akajiambia tena, na bado akaitoa saa mara ya pili. Saleha alikuwa binti yake pekee. Tangu mama yake afariki, ndiye aliyekaa naye kaunta dukani, akijua bei ya kila skrubu, na jioni akiendesha pikipiki za biashara uani, mlango umefungwa, baba akijifanya hasikii.

"Fundi," akasema ghafla, "hiyo ya kwanza ulimfungia nani?"

Simeon akainamia tairi.

"Nimekuuliza."

"Mtu wa nyumbani kwako, Mzee. Niliapa kwa Biblia kwamba sitamtaja."

"Stambuli!" Mzee akapiga paja. "Nilijua! Nyoka yule!"

Simeon akazidi kuinamia tairi. Pikipiki ikakohoa, ikatetemeka, ikafa. Watu wakapiga makofi. Mramba, nywele bado zimemsimama, akapuliza filimbi kwa makusudi safari hii, na feri ikaanza kusogea.

Ndipo akamkaribia Mzee akiwa ameshika mkono wake uliounguzwa.

"Lakini Mzee Abdurahman, shikamoo, nilisahau heshima kwa ajili ya umeme. Hongera ya harusi. Mbona wewe unachelewa hivi?"

"Sichelewi. Ni baada ya alasiri."

"Aa, hapana. Nduguyo alivuka asubuhi na masufuria ya pilau. Kanikaribisha mimi mwenyewe. Kasema wameirudisha nyuma. Ni baada ya adhuhuri."

Mzee Abdurahman akageuka kutazama jua. Kutoka upande wa Kilifi, nyuma yao, adhana ya adhuhuri ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

"Simeon," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu amfukuze. "Fungua petroli."

"Ndani ya feri, Mzee? Mramba ata—"

"Fungua petroli, mwanangu. Tutawasha tukigusa mchanga."

"Naona kwanza nikitoe kidude. Kuna mteremko mwingine na breki imebaki moja, ya nyuma, na yenyewe imelegea."

Wasomaji wangu, mtu huyu alikuwa ameweka dukani kwake kibao chenye maandishi mekundu: HATUUZI HARAKA. Alikuwa amekisimamisha kwa mikono yake mwenyewe. Alimtazama fundi wake machoni.

"Ukikitoa," akasema, "nakufukuza tena."

Feri ikagusa Mnarani. Simeon akapiga teke moja, pikipiki ikaitika. Wakatoka wa kwanza, wakapanda ulimi, wakashika barabara, na hapo hapo mkono mnene uliovaa mkono wa shati la polisi ukanyooshwa mbele yao.

"Simama!"

Alikuwa Koplo Menza, mtu mkubwa, mpole, asiyesahau kitu alichofundishwa.

"Shikamoo, Mzee Abdurahman."

"Marahaba, Koplo. Nina haraka sana."

"Naelewa. Kijana, zima."

Pikipiki ikajibu kwa mngurumo.

"Zima," Koplo akarudia. Kisha akamgeukia Mzee kwa adabu kubwa. "Mzee, unakumbuka baraza la mwezi uliopita? Ulisimama mbele ya Bwana D.O. ukatufundisha. Ukasema, pikipiki yenye kidude cha haramu utaijua hivi: mwambie mwenyewe azime. Isipozimika, kamata. Niliandika mkononi ili nisisahau."

Mzee Abdurahman alikuwa hajapata kumdanganya polisi maishani mwake, hasa kwa kuwa hakuna polisi aliyewahi kumuuliza kitu. Akafungua mdomo. Mbele yake aliona njia mbili. Angeweza kusema hamjui kijana huyu, kapewa lifti tu. Simeon angewekwa ndani, na yeye angetafuta baiskeli. Simeon alikuwa akimtazama kwenye kioo cha pembeni, na alikuwa anangoja hasa hilo.

"Kidude ni changu," akasema Mzee.

"Chako?"

"Mimi ndiye niliyemwagiza asikitoe. Kijana huyu alitaka kukitoa, nikamtisha. Kama ni kukamata, nikamate mimi. Lakini nikamatie Takaungu, Koplo, nakuomba. Wanamwoza mwanangu kwa nguvu sasa hivi, na mimi ndiye baba yake."

Koplo Menza akafikiri. Ungeweza kumwona akifikiri.

"Siwezi kukukamata," akasema.

"Kwa nini?"

"Ushahidi ni nusu. Ulitufundisha mambo mawili, Mzee. La kwanza ni kutozimika. La pili, ukasema tusije tukawaonea wateja wako wenye ufunguo mbovu: lazima askari aione sindano kwa macho yake ikipita sitini."

Mzee na Simeon wakatazamana kwenye kioo.

"Basi panda," wakasema kwa pamoja.

Akapanda. Pikipiki ikashuka kama kitanda cha kamba. Simeon mbele, Mzee Abdurahman katikati kabanwa kama karatasi, Koplo Menza nyuma akichungulia sindano juu ya bega la Mzee.

"Hamsini," akasoma Koplo.

Barabara ya lami, mikonge kulia, mikonge kushoto.

"Hamsini na tano. Bado huna kosa, Mzee."

"Ongeza, Simeon!"

"Ndiyo mwisho, Mzee, tuko wengi!"

"Hamsini na nane," akasema Koplo, na sasa hata yeye sauti ilikuwa na hamu. "Inama, kijana! Mzee, inama na wewe! Upepo unatuzuia!"

Wakainama wote watatu. Barabara ikaanza kuteremka. Sindano ikagusa sitini, ikasita kidogo mahali pale ambapo kila pikipiki ya Mzee Abdurahman ilikuwa ikikatika na kurudi nyuma. Haikukatika. Ikapita.

"Sitini na mbili! Sitini na tano! Sabini! Mzee, uko chini ya ulinzi!"

"Nashukuru, Koplo! Ongeza, Simeon!"

Na nikwambie jambo ambalo Mzee mwenyewe hakumwambia mtu. Upepo ulipompiga usoni kwa mwendo ule, na roho iko mkononi kwa ajili ya mwanawe, alifurahi. Alifurahi kwa muda mfupi sana, akaona haya, akaanza kusoma dua.

Wakakunja kuingia Takaungu. Simeon akakanyaga breki, nayo ikashuka mpaka chini bila kushika, akaikanyaga tena, ikashika kwa shida.

"Imekwisha kabisa," akasema. "Tukisimama nitaikaza, la sivyo turudi kwa miguu."

Vichochoro vya Takaungu vimepangwa kwa ajili ya watu wanaozungumza kwa sauti ya chini. Mlio wa pikipiki uliingia ukagonga kuta, ukarudi mara mbili yake. Nyumba ya shangazi ilijulikana kwa viatu. Baraza nzima ilikuwa viatu, na mlango ulikuwa umejaa migongo ya kanzu. Stambuli hakuwapeleka msikitini, maana msikitini watu wangeuliza baba yuko wapi.

Mzee Abdurahman akachungulia dirishani kati ya nondo. Alimwona maalim. Alimwona Bwana Kiponda kanona kwenye joho. Alimwona mdogo wake ameushika mkono wa Kiponda, tayari.

"Nipisheni!" Mzee akaivamia ile migongo. "Mimi ni baba! Nipisheni!"

Hakuna aliyesikia. Hakuna aliyeweza kusikia kitu pale. Na Mzee alipojaribu kupenya kati ya watu wawili wanene, aliona midomo ya Stambuli ikianza kusema, *Nimekuoza*, na akafahamu jambo ambalo lingemjia mapema kama asingekuwa na homa. Maneno ya kuoza na ya kukubali lazima yasikiwe na mashahidi. Wasiposikia, hapana ndoa.

Akageuka, akamkumbatia Simeon kichwa ili aseme ndani ya sikio lake.

"Ongeza moto!"

"Mzee?"

"Ipeleke dirishani uongeze moto! Akifumbua mdomo, ongeza!"

Simeon akaipeleka pikipiki chini ya dirisha. Stambuli akasema, "Nime—" Simeon akavuta. Chumba kikajaa moshi na mngurumo. Stambuli akangoja, akajaribu upya. Simeon akavuta tena. Bwana Kiponda, mtu wa haraka, akapaza sauti, "Nimekubali!" kabla hajaambiwa anakubali nini.

Maalim akawainamia mashahidi. "Mmesikia?"

"Tumesikia," akasema shahidi wa kwanza.

"Mmesikia nini?"

"Pikipiki."

"Wa pili?"

"Mimi nilidhani ni mashine ya unga."

Maalim akakunja miguu upya, akasema yeye haandiki ndoa ya pikipiki. Mtu aende akaizime. Akatoka mtu mlangoni, akamkuta Simeon. Akasema, zima. Unajua alivyojibiwa.

Lakini kutoka kwake kuliacha nafasi, na katika nafasi ile Mzee Abdurahman akapita. Akaingia ndani bila kofia, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasimama katikati ya mkeka.

"Maalim!" akapiga kelele juu ya mngurumo. "Mimi Abdurahman bin Salim, baba yake Saleha! Huyu nilimpa uwakili amwoze mwanangu kwa Famau, si kwa mwingine! Na leo namvua hata uwakili ule! Nyinyi mashahidi, hili mmelisikia?"

Alikuwa amesimama karibu nao kiasi cha kuwatemea mate. Walilisikia.

Bwana Kiponda akauondoa mkono wake kwenye mkono wa Stambuli, akaupangusa kwenye joho.

"Msimsikilize!" akasema Stambuli, kijasho kinamtoka. "Kaka yangu yuko kitandani Malindi. Huyu ni homa inasema. Kafikaje? Gari ninalo mimi!"

"Simeon!" Mzee akaita kwa nguvu zake zote. "Simeon, njoo uwaambie nimefikaje!"

Nje, Simeon alikuwa amekaza skrubu ya mwendo ili injini ingurume yenyewe bila yeye, na amepiga magoti nyuma kushughulika na breki. Aliposikia jina lake, akainuka kama alivyo, mikono yote grisi, akaingia.

"Tumekuja na pikipiki," akawaambia watu. "Na polisi."

Hilo likawatosha. Maalim akafunga kitabu chake.

"Baba yupo, uwakili haupo. Hapana ndoa hapa," akasema. "Pilau ipo?"

Mzee Abdurahman akakaa chini pale pale mkekani, mbele ya watu wote, akalia. Alilia bila kujificha. Akamwambia mtu akamwite Saleha huko ndani kwa wanawake, amwambie baba yake kafika, asiogope tena.

Na hapo akaona kwamba anajisikia mwenyewe akilia. Mngurumo ulikuwa umepungua. Ulikuwa unasogea. Ukazunguka kona ya kichochoro, ukawa wa mbali.

"Simeon," akasema taratibu, "nani anaiendesha?"

Simeon alikuwa amesimama mbele yake.

Koplo Menza akatokea mlangoni, kofia mkononi.

"Mzee, samahani. Ushahidi wangu umeondoka."

"Kaondoka nao nani?"

"Mwanamke. Katoka kwa mlango wa uani, kavaa buibui, mikono ina hina mpaka viwikoni. Nikamwambia azime. Akasema, 'Hii haizimi, Koplo. Mimi ndiye wa kwanza kufungiwa.' Akakaa, akaenda. Anaendesha vizuri sana."

Mzee Abdurahman akamtazama Simeon. Simeon akatazama chini.

"Hakunisikia," akasema Mzee. "Nilikuwa hapa napiga kelele, na mwanangu hakunisikia." Mngurumo ule ule uliowaziba mashahidi masikio ulikuwa umemziba na yeye. "Koplo, hakusema anakwenda wapi?"

"Alisema. Anapanda feri kwenda Malindi. Anamfuata baba yake."

"Feri iko upande wa Kilifi sasa," akasema mtu mmoja. "Mnarani hapana kitu pale chini ila maji."

Mzee akainuka. "Simeon, lete gari la Stambuli. Ufunguo mnyang'anye. Tutamkuta mteremkoni. Breki ya nyuma umeikaza, si ndiyo? Uliikaza?"

Simeon alifumbua kiganja chake polepole, mbele ya maalim, mbele ya Koplo, mbele ya watu wote. Ndani yake, katikati ya grisi, palikuwa na nati moja ya breki.

"Mzee," akasema, "ulikuwa umeniita."